Kwa nini mwili huficha chuma ukiwa na homa

Swali la wiki hii ni moja, limekuja kwa namna kumi: mtoto ana homa na viganja vimepauka, nimpe dawa ya kuongeza damu? Msomaji mmoja ametuma picha ya chupa ya rozela na bitiruti aliyouziwa stendi. Jamani, wekundu ule ni rangi ya mmea. Ingekuwa rangi ndiyo damu, tungetibiwa kwa rangi ya kucha.

Chuma tunachokihitaji sisi, bakteria wengi nao wanakihitaji ili wakue. Ila hawakibugii ovyo. E. coli ana protini iitwayo Fur. Chuma kikitosha, kinashikamana na Fur, nayo inaenda kukalia DNA pale zinapoanzia jeni za kusaka chuma, jeni zinazimika. Ni lazima zizimike, maana chuma kikizidi huzalisha kemikali kali zinazoharibu hiyo hiyo DNA. Chuma kikiadimika, Fur inabaki tupu, inabanduka, jeni zinawaka. Hapo bakteria anatengeneza enterobaktini, molekuli ndogo anayoitema nje kama ndoano. Inaweza kunyang'anya hata chuma kilichobebwa na protini za damu yetu, kisha inarudi nacho kupitia mlango wake maalumu.

Mwili nao si mjinga. Maambukizi yakianza, ini humwaga homoni ya hepsidini, na ndani ya saa chache chuma cha kwenye damu kinashuka: kinafungiwa ndani ya seli, na utumbo unagoma kupitisha kingine. Seli nyeupe hutoa protini inayozidaka ndoano zenyewe. Salmonela kajibu kwa kuipachika ndoano yake sukari, isidakike! (Mhariri ananiambia niache.)

Kisiwani Pemba, watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na foliki asidi kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika The Lancet: hatari ya kulazwa au kufa ilipanda kwa asilimia 12. Mshukiwa mkuu pale ni malaria, ambayo haitokani na bakteria, lakini kimelea wake naye anataka chuma. Waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika.

Basi mpeleke mtoto akapimwe, homa itibiwe, chuma apewe kwa maelekezo ya mtaalamu. Mjamzito asiache vidonge vya kliniki.

Huyo wa stendi, anasimulia msomaji wangu, alimvuta mtoto kope la chini, akatikisa kichwa, akadai shilingi 15,000.