TAA YA TAIRI SI PAMBO

Leo ningependa kuwaeleza juu ya ile taa ndogo ya manjano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi na alama ya mshangao katikati. Taa hiyo hupata habari kutoka kwa sensa. Si sensa ya kuhesabu watu, la! Ni kifaa kidogo kinachokaa ndani ya gurudumu, kwenye valvu. Hupima upepo na kutuma habari kwa mawimbi ya redio.

Baba mdogo alinunua gari lililotumika Uingereza, ambako magari mapya madogo yote ni lazima yawe na mfumo huu tangu Novemba 2014. Kila asubuhi taa ilimweta. Fundi mmoja akasema, "Hiyo ni waya tu, achana nayo," akaibandika utepe mweusi. Siku moja, tukiteremka kutoka Keroka kuelekea Kisii, tairi la nyuma likapasuka. Kumbe lilikuwa likipoteza upepo polepole! Tukajikuta ndani ya majani chai. Mungu ni mkubwa, hakuna aliyeumia. Fundi mwingine alipopima kwa mashine, sensa ya gurudumu lile ilikuwa kimya kabisa.

Nilimuuliza maswali hadi akachoka nami. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, taa ikiwaka bila kumweta, upepo umepungua. Baridi nayo huupunguza: joto likishuka nyuzi 6 hivi, upepo hupungua paundi 1. Ndiyo maana huweza kuwaka alfajiri kule Nyamira, kisha mchana ikazima.

Pili, ikimweta kama dakika moja kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe una kasoro. Mara nyingi ni betri ya sensa. Huishi miaka 5 hadi 10, nayo haibadilishwi peke yake. Hununuliwa sensa nzima. Kenya huruhusu magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8, kwa hivyo gari laweza kufika Mombasa betri ikiwa ajuza.

Tatu, fundi wa pancha akichokoa tairi kwa chuma ovyo ovyo, huivunja. Tena gundi ya kuziba pancha huweza kuziba tundu lake.

Wenzangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nasi nusura tuvunjike. Waambieni wazazi wapime upepo kwa geji tairi zikiwa baridi. Kiwango kimeandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Baba mdogo ameshabandua ule utepe.