Bweni likiungua, nani hujibu mbele ya sheria?

KILA bweni linapoteketea nchini Kenya, maswali huwa ni yale yale. Nani aliwasha moto? Nani alifunga mlango? Nani atalipa? Swali la kwanza hushughulikiwa na polisi, tena kwa haraka. Hayo mawili mengine huachwa yakining'inia, ilhali sheria imeyajibu kwa upana kuliko wazazi na walimu wengi wanavyodhani.

Orodha ya maafa ni ndefu. Machi 1998 wasichana 26 waliangamia katika Shule ya Upili ya Bombolulu, Kwale. Machi 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos. Septemba 2017 wasichana 10 walipoteza maisha katika Shule ya Wasichana ya Moi, jijini Nairobi. Usiku wa Septemba 5, 2024, moto ulizuka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Nyeri, na wavulana 21 wakafa.

Kule Bombolulu na Kyanguli, walionusurika walisimulia habari zinazofanana mno: mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma. Ni kutokana na mafunzo ya aina hiyo ambapo Wizara ya Elimu ilitoa Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni mwaka 2008. Mwongozo huo hauna utata. Kitanda na kitanda viachane kwa mita 1.2 au zaidi, na njia ya kupitia isipungue mita mbili. Milango iwe na upana wa futi tano angalau na ifunguke kwa nje. Bweni liwe na mlango kila upande, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Na juu ya yote, mlango usifungwe kwa nje wakati wowote wanafunzi wakiwa ndani.

Hapa ndipo nidhamu na usalama zinapogongana. Mwalimu mkuu hufunga bweni kwa kufuli kwa sababu anaogopa wanafunzi kutoroka usiku, au wageni wasiotakiwa kuingia. Huweka vyuma madirishani kwa sababu magodoro na masanduku huibwa. Machoni pake, na mara nyingi machoni pa wazazi, huyo ni mwalimu anayejua kazi yake. Moto ukizuka, kufuli lile lile hugeuka kuwa ushahidi dhidi yake. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2018 kutekeleza sera ya kila mtoto aliyemaliza shule ya msingi kuingia ya upili, msongamano uliongezeka, na nafasi ya mita 1.2 baina ya vitanda ikawa jambo la kusomwa tu vitabuni katika shule nyingi.

Yafaa ieleweke kwamba mwongozo si sheria iliyopitishwa na Bunge, na wenyewe hauna kifungo wala faini. Lakini anakosea anayedhani kwamba kwa sababu hiyo unaweza kupuuzwa. Katika kesi ya uzembe, mahakama huuliza iwapo mshtakiwa alifanya kile ambacho mtu mwangalifu katika nafasi yake angefanya. Shule iliyopewa kipimo kwa maandishi na ikakipuuza huwa na kazi ngumu ya kujitetea.

Wajibu wenyewe umo katika sheria kadhaa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinaipa bodi ya usimamizi jukumu la kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyakazi wengine. Sheria inayohusu dhima ya wenye majengo, Sura 34, ni ya zamani zaidi na haitajwi sana, lakini ina makali. Inamtaka mwenye jengo kuwalinda wanaoingia kwa ruhusa yake, na inamkumbusha kwamba watoto huwa hawana uangalifu wa watu wazima. Hivyo basi, mwenye shule ya kibinafsi hawezi kujitetea kwa kusema tu kwamba mtoto mwenyewe alicheza na moto.

Suala la nani hasa alipe hutegemea nani alimwajiri nani. Mwalimu wa shule ya umma aliyesajiliwa huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Mlinzi, mpishi na matroni wa bweni kwa kawaida huajiriwa na bodi. Katika shule ya kibinafsi wote ni wa mwenye shule. Kanuni ya sheria ni kwamba mwajiri hubeba dhima ya kosa la mfanyakazi lililotendeka akiwa kazini. Matroni akifunga mlango na kuondoka na ufunguo, familia haishtaki mshahara wake mdogo, humshtaki aliyemwajiri. Kwa sababu hii mawakili huwashtaki wote kwa pamoja, na kuiachia mahakama kazi ya kugawa lawama.

Dhima ya jinai ni jambo jingine, nayo haiwezi kupakuliwa na kumwangukia mwajiri. Kifungu cha 202 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kifo kinachotokana na uzembe mkubwa wa kutotimiza wajibu wa kulinda uhai ni kosa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake ya juu kabisa, chini ya kifungu cha 205, ni kifungo cha maisha. Mwalimu anaweza pia kufutwa katika sajili ya TSC, na aliyefutwa haruhusiwi kufundisha popote nchini, hata katika shule ya kibinafsi.

Na mwanafunzi aliyewasha moto? Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliinua umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka minane hadi 12. Aliye kati ya miaka 12 na 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya, hadi upande wa mashtaka uthibitishe vingine. Katika kisa cha Shule ya Moi, msichana aliyekuwa na umri wa miaka 14 moto ulipotokea alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na Februari 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano.

Kumfukuza mwanafunzi shuleni nako si jambo la kuamuliwa na mwalimu mkuu akiwa amekasirika. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinataka njia nyingine zote za kurekebisha ziwe zimeshindikana, na mwanafunzi pamoja na mzazi wake wawe wamesikilizwa. Hata hapo, mtoto hutakiwa kupelekwa katika taasisi ya kumrekebisha badala ya kuachwa nyumbani.

Kiboko je? Mabweni yalipokuwa yakiungua mwaka 2021, marehemu Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alipendekeza kirejeshwe. Aliungwa mkono na wengi, lakini pendekezo hilo lilikuwa na vikwazo vizito. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Kifungu cha 29 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kuchapwa. Mwalimu anayemtesa mwanafunzi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au yote mawili. Isitoshe, Bombolulu na Kyanguli ya Machi 2001 ziliungua kabla ya marufuku hiyo kuzoeleka madarasani, jambo ambalo watetezi wa kiboko hawalitaji.

Baada ya Endarasha, serikali ilifanya ukaguzi, na Novemba 2024 ikafunga mabweni ya shule 348 za msingi kwa kutotimiza viwango vya usalama. Idadi hiyo yaonyesha kwamba kasoro zilikuwa zikionekana kwa macho. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya bweni anaweza kuzikagua mwenyewe siku ya kumfikisha: aangalie mlango unafunguka upande gani, ahesabu milango, ashike dirisha, na aulize nani hukaa na ufunguo usiku.

Kwa familia zilizokwisha kupatwa na msiba, muda ni mfupi. Madai ya uzembe dhidi ya mtu binafsi au kampuni hufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Yakiwa dhidi ya serikali, ni miezi 12 pekee. Kwa mtoto aliyejeruhiwa yapo masharti ya pekee, na wakili yafaa aulizwe mapema. Ripoti za tume za uchunguzi hazisimamishi saa hiyo, na familia inayongoja ripoti itolewe kwanza huenda ikafika mahakamani ikiwa imechelewa.