Lori Linapochemsha, Nyumba Nzima Husimama

Mama msomaji, huenda ukashangaa kutuona mwezi huu tunaacha mapishi na malezi na kuingia gereji. Tunayo sababu. Katika mwambao wa Kilwa na Lindi ziko familia ambazo shamba lao ni lori moja kuukuu. Hubeba chumvi, nazi na samaki wakavu, na msimu ukifika hubeba korosho. Humo ndimo unamotoka unga, sare za shule na nauli ya kwenda hospitali.

Sisi wanawake tumezoea kusema, "Mambo ya injini ni ya baba na fundi." Lakini fedha ya injini nyingine haitoki kwa fundi, inatoka katika mfuko wa nyumba. Kwa hiyo tuzungumze, kwa lugha ya nyumbani, juu ya magonjwa mawili yanayoua malori yaliyozeeka: kuchemsha na kugonga.

Barabara imebadilika

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, malori ya kusini yalivuka kwa kivuko pale Ndundu, kisha yakapambana na mchanga na tope kuelekea Somanga. Siku hizi ni lami, lakini lami nayo ina mtihani wake. Dereva hukanyaga mafuta, mzigo huzidishwa, na lori la miaka 30 hutakiwa likimbie kama kijana.

Tope nalo halijaisha. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara hiyo wilayani Kilwa. Tope likikauka kati ya mapezi ya rejeta, upepo haupiti. Lori linaweza kuchemsha majuma kadhaa baadaye, na watu wasijue kwa nini.

Lini linachemsha?

Maji huzunguka ndani ya injini, yakachukua joto na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza. Swali la kwanza la fundi mzuri ni lini lori linachemsha.

Kama ni likiwa limesimama au likienda polepole, na likikimbia joto hushuka, na aangalie feni na mkanda wake. Kama ni likipanda mlima na mzigo, huenda rejeta imeziba. Joto likipanda upesi mara baada ya kuwashwa, na wakati maji yamejaa, themostati imekwama au pampu ya maji ina kasoro. Wengine huing'oa themostati na kuitupa. Hiyo si dawa. Injini hubaki baridi mno, hula dizeli na kuchakaa, na injini nyingine huchemsha zaidi kwa sababu maji hayapiti tena njia yake.

Maji yakipungua kila siku bila tone kuonekana chini, yaelekea yanaingia ndani ya injini. Pakiwa na moshi mweupe usiokwisha, au oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imeharibika. Lori hilo lisiende safari nyingine kabla halijafunguliwa.

Tusisahau pia maji yenyewe. Pwani yetu ina visima vyenye maji ya chumvichumvi, na utingo huchota palipo karibu. Chumvi hula chuma, na maji magumu huacha ukoko kama ule unaouona ndani ya birika lako. Hapa mama unaweza kusaidia. Kinga maji ya mvua, weka madumu mawili safi kwa ajili ya lori, na baba ayachanganye na dawa ya rejeta.

Linagonga vipi?

Kila injini ya dizeli ina mlio wake, hasa asubuhi ikiwa baridi. Wa kuogopwa ni mlio mpya. Mlio mwepesi wa juu, tik-tik-tik, mara nyingi ni tepeti zinazotaka kurekebishwa. Mlio mkali dereva anapoongeza mafuta unaweza kuwa wa nozeli. Fundi hulegeza mabomba yake moja moja, na mlio ukibadilika ameijua silinda yenye ugonjwa. Kazi hiyo aachiwe fundi, maana dizeli hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi.

Mlio mzito wa chini, kama mchi ndani ya kinu, ni wa beringi. Hapo injini izimwe mara moja.

Magonjwa haya mawili ni ndugu. Joto likizidi, oili huwa nyepesi kama maji na kushindwa kutenganisha chuma na chuma. Beringi husagika, na injini hunoki.

Joto likipanda njiani, dereva asimame pembeni, azime na asubiri. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto, kwani hedi inaweza kupasuka. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe mpaka injini ipoe, maana maji yale yamebanwa na huruka usoni. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali.

Nafasi yetu sisi wake

Hebu fikiria lori limeanza kugonga kusini ya Nangurukuru. Mwenye samaki anapiga simu. Dereva anasema moyoni, "Zimebaki kilomita chache tu." Kilomita hizo chache ndizo zinazoua injini. Naye huogopa kusimama si kwa sababu ya mwenye mzigo peke yake. Anajua kwamba akirudi mikono mitupu, nyumbani kunamngoja lawama.

Dada, hapo sauti yako ina nguvu kuliko spana. Mwambie mapema, mkiwa mmetulia: "Baba watoto, likichemsha simama. Tutakula tulichonacho." Mume anayejua kwamba hatalaumiwa kwa kusimama, atasimama. Na kila safari inapolipa, wekeni kando kidogo kwa ajili ya mkanda, mipira ya rejeta na oili, kabla hamjagawana fedha nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa lori ni injini nzima.

Lori likirudi jioni ya leo, usianze na "Umeleta ngapi?" Muulize kwanza utingo amejaza madumu mangapi ya maji njiani. Yakiwa mengi kuliko juma lililopita, kesho lori liende kwa fundi kabla ya kwenda kupakia.