Musawo, Tabibu, Mteknolojia: Majina ya Kada za Afya na Utambulisho wa Kitaaluma

Katika vituo vya afya vya umma nchini Uganda, hasa maeneo ya Waganda, karibu kila avaaye koti jeupe huitwa musawo. Neno hilo humkusanya daktari, muuguzi, mpimaji wa maabara na mpiga picha za eksirei katika heshima moja. Makala hii inajadili gharama ya heshima hiyo kwa kada za afya shirikishi, ambazo sheria ya mwaka 1996 iliziundia baraza lake, na majina ambayo Kiswahili kinaweza kuzipa.

Baba yangu alipopata kiharusi, aliyemfundisha kutembea upya alikuwa mfiziotherapia wa hospitali ya umma. Tulimwita musawo. Mguu ulipokawia kupata nguvu, tulimsubiri siku nne "musawo mkubwa", ambaye hakuwahi kuugusa mguu ule. Mwenye jibu alikuwa mbele yetu muda wote, nasi hatukuwa na jina la kumwulizia. Baadaye alituambia kwamba amezoea.

Tanzania imekwenda mbali zaidi katika kutaja. Miundo ya utumishi huko humtenga tabibu na daktari. Katika matumizi ya kawaida maneno hayo mawili ni visawe, moja kutoka Kiarabu na jingine kutoka Kiingereza. Wizarani yamekuwa ngazi mbili, tabibu akiwa chini. Mganga, ambaye kijijini hudhaniwa kuwa wa mitishamba, ameketi juu kabisa kama Mganga Mkuu wa Mkoa. Cheo, kwa hiyo, hakifuati maana ya kamusi, na mgonjwa asiyejua miundo hiyo hawezi kuikisia.

Majina ya kada shirikishi yana tatizo tofauti. Mteknolojia wa maabara na mteknolojia mionzi hutajwa kwa zana zao, kana kwamba mashine ndiyo isomayo damu au picha. Jina hilo halisemi kwamba mtu huyu hufasiri, na kwamba tafsiri yake yaweza kuwa sahihi au kukosewa. Kinyume chake ni mtoa tiba kwa vitendo, ambaye humrudishia mgonjwa uwezo wa shughuli za kila siku. Hapa kazi inaeleweka bila kamusi. (Nakiri kwamba hakuna atakayeita maneno manne kwenye ukumbi wa hospitali wakati wa haraka.)

Hata neno shirikishi lina utata wake. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimelizoesha kwa maana ya sayansi zinazoambatana na tiba, ilhali katika mbinu shirikishi lina maana ya kuhusisha watu. Binafsi sioni utata huo kuwa kasoro: mfiziotherapia asipomshirikisha mgonjwa, mguu hausogei.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini beji na milango ya vituo vyetu bado ni ya Kiingereza. Kabla ya kunakili orodha ya Tanzania yote, napendekeza majina yatokanayo na vitenzi yajaribiwe kwanza mbele ya wagonjwa wenyewe: mpimaji damu, msoma picha za mionzi, mtoa tiba ya viungo. Jaribio lenyewe ni jepesi: mgonjwa aoneshwe beji, kisha aulizwe ni swali gani angempelekea mwenye beji hiyo.