Tiba ya Moyo kwa Gharama Nafuu na Taka Chache: Mambo Yampasayo Mkazi wa Mohoro Kuyafahamu

Mgonjwa wa moyo anapokabidhiwa barua ya rufaa, mara nyingi jambo la kwanza kujadiliwa barazani si ugonjwa bali mali. Familia huhesabu magunia ya mpunga yaliyosalia, hukumbuka ufuta ambao bado haujauzwa na mikorosho aliyoiacha marehemu babu, kisha huulizana kama vitatosha. Safari yenyewe, kutoka Mohoro kuvuka Daraja la Mkapa hadi Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 150, na mgonjwa hasafiri peke yake. Makala haya yanaeleza kwa nini tiba ya moyo hugharimu kiasi hicho, na kwa nini njia zinazopunguza gharama hiyo mara nyingi ndizo zinazopunguza pia taka za hospitali na uchafuzi wa hewa.

Punguzo kubwa kuliko yote limekwisha kupatikana, nalo ni la umbali. Miaka si mingi iliyopita, Mtanzania aliyehitaji kupasuliwa moyo alipelekwa nje ya nchi, hasa India, pamoja na msindikizaji, kwa nauli ya ndege na malazi ya majuma kadhaa. Upasuaji wa kufungua kifua ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ikaanza kujitegemea katika jengo lililojengwa kwa ushirikiano wa serikali za Tanzania na China. Leo huduma za namna hiyo hutolewa pia Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Aidha, madaktari bingwa wa JKCI huwafuata wananchi mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba. Daktari mmoja akisafiri kuwapima watu mia moja, watu mia moja wamesalimika na nauli, na mafuta ambayo yangeunguzwa na safari zao hayakuunguzwa.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Matatizo mengi ya moyo hayahitaji tena kifua kufunguliwa. Daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, huku akiuongoza kwa picha za eksirei. Kwa mrija huo anaweza kutazama mishipa iliyoziba, kuitanua kwa puto dogo na kuacha humo kijibomba cha wavu kiitwacho stenti ili mshipa usizibe tena. Huu ndio unaoitwa upasuaji mdogo wa moyo. Udogo wake uko kwenye jeraha tu, kwani bei yake si ndogo, na sehemu kubwa ya bei hiyo hutokana na vifaa. Mirija, nyaya laini, maputo na stenti hutoka ng'ambo, na kila kimoja hufungwa katika pakiti yake iliyotakaswa. Vingi hutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, kisha hutupwa. Mwaka 2023 watafiti nchini Ufaransa walipima aina mojawapo ya tiba za mrija, ile ya kurekebisha mapigo ya moyo yaliyovurugika, wakakuta kila mgonjwa anazalisha kwa wastani gesi joto sawa na kilo 76.9 za hewa ukaa. Vifaa vilivyotumika vilichangia sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza inayosaidia ni rahisi kuieleza. Zamani mrija uliingizwa kwenye mshipa mkubwa wa kinena. Mshipa huo ukivuja ni vigumu kuudhibiti, kwa hiyo mgonjwa hulazwa chali kwa saa nyingi bila kukunja mguu, akiangaliwa na muuguzi. Mwaka 1989 daktari Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alionyesha kwamba mrija unaweza kupitishwa kwenye kifundo cha mkono, pale mtu anapopimwa mapigo, na miaka michache baadaye Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam akaweka stenti kwa njia hiyo hiyo. Mshipa wa hapo uko juu juu. Ukanda wa kubana unatosha kuzuia damu. Mgonjwa huketi mapema, hujiendea mwenyewe msalani, na wale ambao hali zao zinaruhusu huweza kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Kitanda hubaki kwa mwingine, na shuka, umeme na chakula cha usiku mmoja huokolewa. Si kila mtu anafaa, kwa maana wapo wenye mishipa membamba na wapo ambao tiba yao inahitaji mrija mnene. Hata hivyo, mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, kwangu inawezekana kupitia mkononi?" Swali hilo si utovu wa adabu.

Hatua ya pili ina ubishi zaidi, nayo ni kutumia tena vifaa. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunashtuka, na tuna sababu, kwa kuwa tumefundishwa miaka mingi kwamba sindano ni ya mtu mmoja. Agizo hilo libaki kama lilivyo. Lakini kifaa ghali kilichosafishwa, kikapimwa na kutakaswa kwa mitambo chini ya usimamizi wa mamlaka ni jambo jingine. Mfano ulio wazi ni betri ya moyo, kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua ili kuusukuma moyo unaopiga polepole mno. Betri hiyo hudumu miaka mingi, na mara nyingine mwenye nayo hufariki ikiwa bado ina nguvu. Mwaka 2020 madaktari wa Montreal walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,051 wa Mexico na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Karibiani waliowekewa vifaa vilivyotolewa kwa marehemu na kutakaswa, wakiwalinganisha na wagonjwa 3,153 wa Kanada waliowekewa vipya. Katika miaka miwili, maambukizi yalitokea kwa asilimia 2.0 ya kundi la kwanza na asilimia 1.2 ya kundi la pili, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kuitenga na bahati nasibu. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki utafiti mwingine wa namna hiyo, ulioongozwa kutoka Marekani.

Kwa maoni ya mwandishi, mjadala huu unatufaa kuliko unavyowafaa matajiri, maana kwa asiye na fedha chaguo si kati ya betri kuukuu na mpya, bali kati ya betri kuukuu na kukosa kabisa. Hata hivyo uamuzi ni wa wataalamu na wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Asitokee mtu wa kununua kifaa cha moyo mtaani kwa kisingizio cha makala haya.

Bei nayo hushuka kwa maamuzi ya kiserikali. Mwezi Februari 2017 India iliweka ukomo wa bei ya stenti, rupia 7,260 kwa ya kawaida na rupia 29,600 kwa yenye dawa, baada ya kubainika kwamba faida nyingi zilikuwa zikiishia njiani kati ya kiwanda na mgonjwa.

Jambo jingine ni dawa za usingizi za kuvuta, ambazo hutoka na pumzi ya mgonjwa na kuishia angani. Mojawapo, desifluleni, hunasa joto maelfu ya mara kuliko hewa ukaa ya uzito sawa, na Umoja wa Ulaya umezuia matumizi yake ya kawaida tangu Januari 2026. Zipo dawa mbadala zenye madhara madogo kwa hewa, na mgonjwa hapotezi kitu.

Mwananchi anaweza kuuliza, haya yanahusianaje na delta? Wakazi wa Mohoro hawahitaji kufundishwa maana ya maji kuingia nyumbani. Mafuriko ya mwaka 2024 bado yamo vinywani mwetu. Dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa huzidi kuwa kubwa, na sekta ya afya duniani huchangia kati ya asilimia 4 na 5 ya gesi zinazoleta joto hilo. Tena taka za hospitali ni jambo la hapa hapa. Ndoo nyekundu na ya njano ni za taka zenye maambukizi, nyeusi au bluu ni ya taka za kawaida. Msindikizaji anapotupa ganda la ndizi au boksi la dawa kwenye ndoo nyekundu, takataka hiyo nayo lazima ichomwe kwa mafuta yanayonunuliwa kwa fedha za huduma.

Lakini upasuaji wenye gharama ndogo kuliko wote ni ule usiohitajika. Watoto wengi wenye valvu za moyo zilizoharibika walianza na maumivu ya koo yaliyopuuzwa, kisha homa na viungo kuvimba. Penisilini inayotolewa mapema kwa koo lenye bakteria huzuia safari hiyo yote, na mtoto aliyekwisha kuugua hupewa sindano kila baada ya majuma matatu au manne ili valvu zisiharibike zaidi. Sindano hiyo isikatizwe kwa sababu mtoto anacheza na anaonekana mzima. Watu wazima nao wapime shinikizo la damu, hata pale wasipoumwa chochote.

Kwa atakayepewa rufaa, njia huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya Utete, na inapolazimu Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi iliyoko Kibaha, au moja kwa moja Dar es Salaam kwa uamuzi wa daktari. Abebe barua ya rufaa, kadi ya bima kama anayo, majibu yote ya vipimo vya zamani pamoja na picha zake, na dawa anazotumia zikiwa katika pakiti zake. Kipimo kilichoachwa nyumbani hurudiwa, na kurudiwa huko hulipiwa. Aliye na betri ya moyo abebe pia kadi ndogo aliyopewa siku ya kuwekewa, kwa kuwa ndiyo inayomwambia daktari ni aina gani na iliwekwa lini.