Istilahi ya Mlinganyo wa Kasi: Hoja na Mfano wa Nyumbu wa Serengeti

Miongoni mwa dhana za hisabati ya chuo kikuu ambazo mfasiri hawezi kuzikwepa, imo dhana ya mlinganyo wa aina ya pekee: mlinganyo usiotaja kiasi cha kitu peke yake, bali unaotaja pia jinsi kiasi hicho kinavyobadilika kadiri muda unavyopita. Mwanafunzi wa uhandisi, wa fizikia, wa uchumi au wa elimu ya wanyama hukutana nao mapema katika masomo yake. Hisabati ya shule za msingi za serikali ilianza kufundishwa kwa Kiswahili katika madarasa yote nchini mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa sababu hiyo kujumlisha, kutoa, sehemu na mlinganyo ni maneno yanayofahamika kwa watu wengi. Daraja hilo limeishia hapo. Makala haya yanakusudia kuzipima istilahi zinazoweza kulipeleka mbele kidogo.

Yafaa tuanze na dhana yenyewe, kwani istilahi nyingi mbovu zimezaliwa kwa kufasiri neno badala ya jambo. Mfano mzuri tunao hapa nchini. Mfugaji wa Mbalibali, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara, hahitaji kufundishwa kwamba kundi kubwa huongezeka upesi kuliko kundi dogo. Ng'ombe mia huzaa ndama wengi kuliko ng'ombe kumi. Ukilisema jambo hilo kwa lugha ya hisabati, utasema kwamba kasi ya ongezeko ni sawa na idadi ya wanyama waliopo ikizidishwa kwa kiasi fulani kisichobadilika. Huo tayari ni mlinganyo tunaousemea.

Sasa tuwatazame nyumbu wa Serengeti. Ugonjwa wa sotoka, ulioingia Afrika Mashariki kiasi cha mwaka 1890, ulidumu miongoni mwao kwa miongo mingi na kuwaua hasa wale wachanga. Ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walipochanjwa katika miaka ya 1950, ugonjwa ulikosa makao, na kufikia mwaka 1963 hivi ukawa umetoweka kwa nyumbu pia. Hesabu iliyofanywa kutoka angani mwaka 1961 ilikadiria nyumbu wapatao 260,000. Ile ya mwaka 1977 ilikadiria kiasi cha 1,400,000. Ukizitia namba hizo mbili katika mlinganyo wetu, utapata kwamba kasi ilikuwa karibu sehemu 10 na nusu katika 100 kwa mwaka, yaani kundi lilijirudufu katika muda usiozidi miaka 7.

Hapa ndipo mwanafunzi mgeni hutatizika, na mwalimu yampasa apatilie mkazo. Shuleni alizoea kuambiwa atafute namba, naye akaipata. Katika mlinganyo huu kinachotafutwa si namba bali ni mwenendo mzima, yaani kanuni inayotaja idadi ya nyumbu kwa kila wakati. Isitoshe, mienendo inayoutosheleza mlinganyo ni mingi mno, na hutenganishwa kwa kujua hali ya mwanzo, ambayo kwetu ni ile hesabu ya mwaka 1961. Kwa hiyo neno jawabu lililo peke yake halitoshi. Mfasiri afadhali aandike "mwenendo-jawabu" angalau mara ya kwanza, ili msomaji asihangaike kutafuta namba isiyokuwapo.

Turudi kwenye jina. Pendekezo la kwanza linalomjia mtu ni "mlinganyo wa tofauti". Lina sura njema, lakini tofauti katika hisabati ya shule ni kile kinachopatikana baada ya kutoa, na tutaona punde kwamba neno hilo lina kazi nyingine linayoistahili zaidi. La pili ni kukopa na kusema "mlinganyo wa difrensha". Mwandishi hana chuki na maneno ya mkopo, ila hili limekwisha tangulia gereji: fundi wa malori huliita difu, na kwake ni chuma chenye meno kilicho kati ya magurudumu ya nyuma. La tatu ni "mlinganyo wa mnyambuliko", linalovutia walimu wa lugha, maana kama vile pigia na pigana hutokana na piga, ndivyo kasi inavyotokana na mwenendo. Hata hivyo neno hilo laeleza kitu kimetoka wapi, wala halielezi kinapima nini.

Istilahi ninayoitetea ni "mlinganyo wa kasi ya badiliko", ambayo katika matumizi ya kila siku darasani ingefupishwa kuwa "mlinganyo wa kasi". Wako watakaopinga kwamba kasi ni ya magari. Lakini wasemaji wenyewe wamekwisha kulipanua neno: bei hupanda kwa kasi, maradhi huenea kwa kasi, maji hupungua kwa kasi. Tena kasi ya gari si chochote ila kasi ya badiliko la mahali lilipo. Uzuri mwingine ni kwamba istilahi hii inazaa: kasi ya kasi huwa "kasi ya pili", na mlinganyo unaoihusisha huitwa wa daraja la pili.

Istilahi hujaribiwa kazini. Lau nyumbu wangaliendelea kwa kasi ile ile ya miaka ya 1961 hadi 1977, mwaka 2017 wangalizidi milioni 90, idadi inayowapita watu wote 61,741,120 waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022. Haikuwa hivyo. Majani ya kiangazi hayakutosha, na kundi likatulia karibu na milioni 1.3. Mbelgiji Pierre François Verhulst aliandika mwaka 1838 mlinganyo unaofaa hali hiyo: kasi ya ongezeko huzidishwa kwa sehemu ya nafasi iliyobaki, hata kundi linapofikia kikomo cha malisho kasi inakuwa sifuri. Sentensi hiyo imesemwa kwa Kiswahili bila kukwama, na neno kasi limetumika mara mbili kwa maana moja.

Linabaki lile neno tofauti. Nyumbu hawazai mwaka mzima. Ndama wengi huzaliwa katika wiki chache, karibu na mwezi wa Februari. Mtaalamu anaweza basi kuhesabu kwa hatua, mwaka hadi mwaka, akilinganisha idadi ya Februari hii na ya Februari iliyopita. Mlinganyo wa namna hiyo hauna kasi ya papo kwa papo, una tofauti kati ya hatua mbili, na huo ndio unaostahili kuitwa "mlinganyo wa tofauti". Tukiutunuku jina hilo mlinganyo wa kasi, siku mfasiri atakapokutana na yote miwili katika ukurasa mmoja, jambo ambalo ni la kawaida katika vitabu vya elimu ya wanyama, atakuwa hana neno la pili.