Kabla ya Sindano: Yanayomsubiri Mwenye Mbwa au Paka kwa Daktari wa Wanyama

"Daktari, mchome tu sindano." Madaktari wa wanyama wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wamelizoea ombi hili, mara nyingi hutolewa mgonjwa akiwa bado mlangoni. Anayelitoa hana ubaya. Wengi wamekulia kwenye boma ambako bwana mifugo alifika kwa pikipiki, akamchoma ng'ombe, akalipwa, akaondoka. Mbwa au paka akiugua, matarajio ni yale yale: sindano moja, hela kidogo, na safari ya kurudi nyumbani.

Hospitali ya wanyama inayofanya kazi yake sawasawa haiendi hivyo. Sehemu kubwa ya muda, na ya fedha pia, huenda kwenye kuutafuta ugonjwa. Mgonjwa hasemi. Nusu ya ushahidi iko mwilini mwake, nusu nyingine anayo aliyemleta, na daktari anazihitaji zote mbili kabla ya kugusa bomba la sindano.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kutarajia ni maswali, tena mengi. Mnyama ana umri gani? Amekula lini mara ya mwisho, na alikula nini? Anaharisha, na je, kuna damu? Anazurura mtaani usiku? Kama ni jike, mara ya mwisho aliingia joto lini? Amepewa dawa gani nyumbani? Amechanjwa kichaa cha mbwa, na je, ameuma mtu siku hizi za karibuni? Anayefaa kumpeleka mnyama ni yule anayemlisha, si kijana aliyetumwa ambaye atajibu "sijui, nimeambiwa nimlete". Kadi ya chanjo iwepo. Mabaki ya dawa aliyopewa yaje na pakiti yake, na kinyesi kidogo cha siku hiyo hiyo kwenye kikopo safi humwezesha fundi wa maabara kutafuta mayai ya minyoo papo hapo. Degedege au kikohozi kina tabia ya kutoweka mbele ya daktari, kwa hiyo video fupi ya simu husaidia kuliko maelezo ya robo saa.

Swali la dawa ya nyumbani ndilo linalofichwa zaidi, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Parasetamoli, kidonge kinachopatikana katika kila nyumba, ni sumu kwa paka. Ini la binadamu huivunja dawa hiyo kwa kimeng'enya ambacho paka anacho kwa kiwango kidogo mno, na mabaki yenye sumu hushambulia chembe nyekundu za damu hadi zishindwe kubeba oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na miguu huvimba, paka anahema kwa shida. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, asetilsisteini, ile ile wanayopewa watu waliozidisha parasetamoli, lakini inafaa ikitolewa mapema. Aliyempa paka wake kidonge kwa huruma na akalisema hilo mlangoni anampa nafasi ya kupona. Akinyamaza kwa aibu, daktari atapoteza saa akiutafuta ugonjwa ambao haupo. Mbwa naye ana hatari zake: ibuprofeni humtoboa tumbo na kumharibu figo.

Baada ya maswali huja mikono. Daktari hupima joto kwa kipimo kinachoingizwa njia ya haja kubwa, na hapo wenye wanyama hushtuka wakisikia "thelathini na nane na nusu". Kwa mtu hiyo ni homa. Kwa mbwa na paka ni hali ya kawaida, maana joto lao huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Pua kavu haimaanishi homa, wala pua yenye unyevu haimaanishi afya. Kisha anainua mdomo wa juu na kubonyeza ufizi kwa kidole. Pale alipobonyeza panakuwa peupe, na rangi ya waridi hutakiwa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haizunguki vizuri. Ufizi uliopauka unamfanya afikirie upungufu wa damu, na katika ukanda wetu kupe ndio watuhumiwa wa kwanza. Wa manjano unamwelekeza kwenye ini au kwenye chembe za damu zinazovunjika. Kitendo hiki cha sekunde chache, kisicho na mashine yoyote, kinaweza kubadilisha foleni nzima: mwenye ufizi mweupe anaingia kabla ya waliofika saa moja mapema, na waliobaki hawana budi kumpisha.

Mbwa wengi wa Afrika Mashariki ni wa ulinzi. Mchana wako bandani, usiku wako uani, na mgeni kwao ni mtu wa kufukuzwa. Mbwa wa namna hiyo akishikwa na mtu asiyemjua, juu ya meza inayoteleza, huuma hata kama nyumbani hulala na watoto. Kumfunga mdomo, basi, si kumtukana wala kumtesa. Bendeji hupitishwa juu ya pua na kukazwa, hupigwa fundo chini ya kidevu, kisha ncha zake hufungwa nyuma ya masikio. Haikai muda mrefu, kwa sababu mbwa hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mwenye mbwa akisema anaogopa kumshika mbwa wake mwenyewe, na aseme mapema; zipo dawa za kumtuliza.

Paka ana shida nyingine. Hofu yenyewe humharibia vipimo. Sukari ya damu ya paka aliyeshtuka inaweza kupanda hadi afanane na mgonjwa wa kisukari, na shinikizo la damu hupanda vilevile. Ndiyo maana daktari makini hatamwanzishia paka tiba ya kisukari kwa kipimo kimoja cha sukari, bali ataomba kipimo cha fruktosamini, kinachoonyesha wastani wa sukari wa wiki mbili tatu zilizopita. Paka aje ndani ya kapu lenye mfuniko, na kanga aliyoizoea iwe juu yake. Aliyebebwa mikononi ndani ya bajaji hufika akiwa ameshapoteza nusu ya utulivu wake, na wapo wanaoruka njiani wasionekane tena.

Kwenye chumba cha kungojea kuna sheria moja isiyo na mjadala: mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo hakanyagi sakafu. Parvo, virusi vilivyojitokeza na kuenea duniani mwaka 1978, hutoka kwa wingi kwenye kinyesi cha mgonjwa na huishi miezi kwenye udongo na sakafu. Sabuni ya kawaida haiviui, dawa ya klorini inaviua. Mtoto wa mbwa abebwe, au angoje nje ndani ya gari. Akishaugua, atatapika na kuharisha damu, na tiba yake kuu ni dripu na uangalizi wa siku kadhaa katika chumba cha peke yake. Wanaotibiwa hivyo mapema wengi hupona. Wanaoachwa nyumbani wengi hufa.

Hapo ndipo linapozuka lalamiko la chanjo zinazorudiwa. Mbona alichanjwa mwezi uliopita? Jibu limo kwenye dang'a. Maziwa ya kwanza ya mama humpa mtoto kingamwili za kumlinda wiki zake za mwanzo, lakini kingamwili hizo hizo huikamata chanjo na kuifuta kabla mwili wake haujajifunza kitu. Kwa mtoto mmoja zinaisha akiwa na wiki 8, kwa mwingine wiki 14, na hakuna anayejua kwa kumtazama tu. Basi chanjo huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe wiki 16, ili angalau moja ikute mlango uko wazi. Ndugu waliozaliwa pamoja wanaweza kuchanjwa siku moja, mmoja akakingwa, mwingine asikingwe. Anayeishia kwenye dozi ya kwanza amelipia kitu ambacho huenda hakikufanya kazi.

Chanjo ya kichaa cha mbwa inasimama peke yake, kwa sababu inawalinda watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya watu 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa ni watoto. Pemba imeshuhudia ugonjwa huu ukiingia, ukafutwa kwa kampeni za kuchanja mbwa kufikia 2014, ukarudi 2016, na kuondolewa tena 2018. Kwa hiyo mwenye mbwa asishangae daktari akiacha kila kitu na kuuliza kuhusu aliyeumwa. Jeraha huoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, mtu huyo aende hospitali ya binadamu siku hiyo hiyo, na mbwa mzima aliyeuma atengwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Ikiwa kupe wanashukiwa, damu huchukuliwa, mara nyingi tone dogo kutoka ukingo wa sikio. Fundi hulitandaza kwenye kioo chembamba, hulikausha, hulitia rangi ya Giemsa na kuliweka chini ya hadubini. Ndani ya chembe nyekundu, vimelea vya babesia huonekana vikiwa viwili viwili, vimechongoka upande mmoja. Mbwa mwenye babesia kali hukojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kwa kuwa damu inavunjika ndani yake. Ehrlichia, bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, ni mgumu zaidi: hujificha ndani ya chembe nyeupe na mara nyingi haonekani kwenye kioo kabisa, kwa hiyo daktari huomba hesabu ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu, au kipimo cha haraka cha kingamwili. Magonjwa haya mawili yanafanana kwa homa na kukosa hamu ya kula, lakini dawa zao ni tofauti, na mbwa mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili. Sindano ya kubahatisha ingelenga lipi?

Kuna jingine linalowachanganya wengi. Jike anatokwa na damu wiki baada ya wiki, na mwenyewe anasema yuko kwenye joto. Daktari akipapasa anakuta uvimbe wenye mikunjo. Ni saratani ya zinaa ya mbwa, ugonjwa wa ajabu ambamo chembe za saratani zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakati wa kupandana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba uvimbe wote wa aina hii duniani umetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Habari njema ni kwamba unatibika: dawa ya vinkristini hutiwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mara nyingi uvimbe humalizika bila kisu.

Penye kisu, kama kuhasi au kufunga kizazi, mnyama hufika hajala tangu usiku, kwa sababu chini ya nusu kaputi matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mwenye mnyama hutia sahihi fomu ya ridhaa, na huo ndio wakati wa kuuliza gharama zote, za dawa za maumivu zikiwemo. Ni halali pia kuuliza usajili wa anayetibu: Tanzania ni Baraza la Veterinari, Kenya ni Kenya Veterinary Board. Muuza duka la dawa za mifugo si daktari, hata akivaa koti jeupe. Katika hospitali za mafunzo, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro au ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, meza itazungukwa na wanafunzi na uchunguzi utachukua muda mrefu. Ni faida kwa mgonjwa, maana macho ni mengi.

Mwisho ni dawa za kwenda nazo nyumbani, na hapa kazi nyingi nzuri huharibika. Mbwa wa ehrlichia hupewa doksisaiklini kwa siku 28. Siku ya tatu au ya nne huwa ameanza kula na kubweka, vidonge vikaachwa kabatini, na bakteria aliyebaki hurudi miezi baadaye akiwa kwenye uboho, ambako damu hutengenezwa. Paka akipewa dawa hiyo hiyo ni lazima anyweshwe maji au alishwe kidogo mara baada ya kidonge, kwa kuwa kikikwama kooni huunguza umio na kuacha kovu linaloziba njia ya chakula. Muuguzi mzuri huwaonyesha wenye wanyama namna ya kukitumbukiza nyuma ya ulimi na kusukumia maji kwa bomba lisilo na sindano, kisha huandika kwenye kadi tarehe ya kurudi kupimwa damu, hata kama mbwa atakuwa amenenepa.